Mgeni wa Mfalme na Kibarua wa Migombani: Historia ya Idhini ya Kuingia Karagwe

Mwezi wa Novemba 1861, msafara wa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, uliingia Karagwe ukiwa umechoka na kupungukiwa. Huko nyuma, katika nchi ya Usui, mtawala Suwarora alikuwa amewazuia kwa majuma kadhaa, akiwatoza nguo, shanga na nyaya kila walipotaka kuinua mguu. Walipovuka mpaka wa Karagwe mambo yaligeuka. Maofisa wa mfalme Rumanyika waliwapokea njiani, wakawaambia kwamba katika nchi ile mgeni wa mfalme hatozwi hongo, na kwamba vijiji vimeamrishwa kuwapa chakula kwa hesabu ya ikulu. Speke, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika, aliiandika habari hiyo kwa mshangao uliochanganyika na shukrani.

Wengi wameisoma habari hiyo kama kisa cha ukarimu, na ukarimu ulikuwapo bila shaka. Lakini haifai kuisahau sura yake ya pili. Mgeni asiyetozwa hongo ni mgeni aliyekwisha kujulikana: jina lake limetangulia ikulu, na njia yake imepangwa. Speke hakuweza kuondoka Bweranyange kuelekea Buganda mpaka Kabaka Mutesa alipotuma watu kumchukua, na hilo halikutimia hadi Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alibaki nyuma kwa miezi kadhaa, kwa kuwa mgonjwa hakukubaliwa kuingia Buganda. Kwa hiyo Karagwe ya wakati ule, bila karatasi wala muhuri, ilikwisha kuyajua mambo ambayo sheria za leo huyaita idhini ya kuingia, muda wa kukaa na masharti ya afya.

Wageni waliokaa muda mrefu zaidi walitoka upande wa pwani. Kafuro, si mbali na ikulu ya Bweranyange, palikuwa na kituo cha biashara kilichofunguliwa na Musa Mzuri, Mhindi wa asili ya Surat aliyekuwa na makao yake Kaze, karibu na Tabora ya leo. Waarabu wa Unguja walimfuata. Mashuhuri kati yao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, aliyefika baraza la Kabaka Suna katika miaka ya 1840 na baadaye akafanya maskani Kafuro, ambako Stanley alimkuta mwaka 1876. Watu hawa walikuwa na ruhusa ya kuishi na kufanya biashara, na ruhusa hiyo ilikuwa na bei yake. Kwa masimulizi ya Speke, Rumanyika alipozingirwa na ndugu yake Rogero katika ugomvi wa kiti cha enzi, Musa ndiye aliyetoa pembe nyingi kwa Suna ili jeshi la Buganda liingie kati. Basi yule tunayeweza kumwita mwekezaji wa kigeni alilipa ada kubwa kuliko zote zilizowahi kudaiwa Karagwe, na mfalme alimtambua kwa hilo mpaka mwisho. Msomaji wa visiwani hana budi kukumbuka kuwa katika historia hii jamaa zake walikuwa wageni wenye mwega.

Mpaka kwa maana tuijuayo sasa uliletwa na wengine. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana kuzigawa nchi zao kwa mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta, mstari ambao hakuna Mnyambo wala Mhaya aliyepata kuuona. Upande wa magharibi, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walichukua kipande cha Gisaka kilichokuwa cha Rwanda, wakitumaini kupitisha reli, kisha wakakirudisha kwa Wabelgiji. Tangu 1924 mto Kagera ukawa ndio mpaka. Watu wa ng'ambo hii na ile walibaki na ndugu zao, ng'ombe wao na lugha zinazosikilizana.

Utawala wa Waingereza ulikuwa na sheria za uhamiaji, lakini jicho lake lilimtazama zaidi Mzungu maskini na Mhindi aliyeshuka bandarini. Mwafrika aliyevuka nchi kavu alihesabiwa kuwa ni nguvu kazi, na nguvu kazi ilitakiwa. Katika miaka ya 1920 hadi ya 1950, Wanyarwanda na Warundi kwa maelfu waliikimbia njaa, kodi na kazi za shuruti za Wabelgiji, wakaenda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda. Baadhi walipitia Ankole. Wengine walikatiza Tanganyika, wakavuka Kagera pale Kyaka na kuingia Uganda kwa njia ya Mutukula. Wahaya na Wanyambo nao waliishika njia hiyohiyo. Jambo hili husahauliwa mara nyingi katika mabishano ya siku hizi: babu wa mtu anayemwajiri kibarua wa kigeni huko Karagwe yamkini aliwahi yeye mwenyewe kuwa kibarua wa kigeni Masaka, akalala katika kibanda cha nyuma ya mgomba wa mtu, na hakuna aliyemuuliza karatasi.

Uhuru ulibadili swali. Tangu tarehe 9 Disemba 1961 palikuwapo raia, na penye raia pana asiye raia. Wakati huohuo Watutsi waliofukuzwa na machafuko ya Rwanda yaliyoanza 1959 walikuwa wakiingia Karagwe na Ngara. Serikali iliwapa ardhi, na mwaka 1980 Mwalimu Nyerere akawafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Nchi nyingi za wakati ule, na za sasa, zisingethubutu kufanya hivyo.

Sheria iliyokuja kuyatawala mambo haya ni Sheria ya Uhamiaji Na. 7 ya 1995. Kabla yake Tanzania Bara ilitumia sheria ya 1972 na Zanzibar ilikuwa na yake. Hii ya 1995 ilizifunga pande zote mbili chini ya kanuni moja ya ukaazi. Iligawa vibali katika madaraja matatu: A kwa mwenye mtaji au anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa kwa ujuzi maalumu, na C kwa wasiomo katika hayo mawili, kama wanafunzi, watafiti, wamisionari na watu wa kujitolea. Ni mpango unaoeleweka. Ukiutazama kwa macho ya Bweranyange, Musa Mzuri angepewa daraja A bila taabu, na Grant na mguu wake angeombewa C.

Chonyonyo, katika vilima vya Karagwe, panaonyesha vizuri jinsi mpango huo unavyofanya kazi na pale unaposhindwa. Maji ni ya taabu huko, na akina mama na watoto huyafuata mbali bondeni. Shirika la wenyeji liitwalo Mavuno, likisaidiwa na wahandisi wa kujitolea kutoka Ujerumani, lilijenga hapo shule ya sekondari ya wasichana pamoja na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Mhandisi wa namna hiyo anaonekana kwa sheria kabla hajapanda ndege: yapo barua ya mwaliko, shirika la kumdhamini, daraja la kibali lililoandikwa kwa ajili yake. Lakini kibarua kutoka Burundi anayevuka mto kwa miguu ili apalilie migomba kwa majuma matatu, alipwe fedha taslimu jioni na pengine sahani ya ndizi na maharage, hana daraja. Hana mtaji wa A, hana cheti cha B, na C haikutungwa kwa ajili ya jembe. Tajiri wake mwenye ekari mbili hawezi kumwombea kibali ambacho gharama yake inazidi mavuno ya msimu. Si kwamba watu hawa wameikwepa sheria. Sheria ndiyo haikuwaona.

Na isipowaona kwa miaka mingi, siku moja huwaona wote kwa pamoja. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari ya Rwanda yalileta Kagera mamia ya maelfu ya wakimbizi, ambao robo milioni hivi walivuka Rusumo katika muda usiozidi siku moja. Kambi zilifunguliwa Karagwe pia, Chabalisa na kwingineko. Wakulima walipata vibarua wa bei ya chini kuliko wakati wowote, mashamba yakapanuka, na misitu ikaisha kwa kuni. Mwezi wa Disemba 1996 wakimbizi hao waliamriwa kuondoka kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2006 likaja wimbi jingine la kuwafukuza Wanyarwanda, hasa wafugaji. Kisha mwishoni mwa Julai 2013 Rais Kikwete akawapa wahamiaji haramu majuma mawili wawe wameondoka, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Serikali ilikuwa na hoja, nayo haifai kudharauliwa: ujambazi wa kutumia silaha katika mapori ya mpakani ulikuwa umewatesa wananchi kwa miaka. Lakini miongoni mwa walioswagwa kuvuka mto walikuwamo watu waliozaliwa Karagwe, wake wa raia, na hata wazee waliodai kuupata uraia wa 1980. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, au hazikutolewa kabisa. Ushahidi ukawa ni matamshi, urefu wa pua, na kauli ya jirani. Na jirani aliyekuwa na macho ya kutamani kibanja cha mwenzake alipewa nafasi ambayo hakuna sheria ingempa. Baadaye serikali ilianza kuwaandikisha wale iliowaita wahamiaji walowezi, neno jipya kwa watu wa zamani.

Ajabu ni kwamba wakati hayo yanatendeka, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza kutumika tangu tarehe 1 Julai 2010, nayo inataja uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Uhuru huo, hata hivyo, ulifuata orodha ambayo kila nchi iliweka, na Tanzania ilifungua milango yake kwa wataalamu na mafundi. Sheria ya 2015 ya kusimamia ajira za wasio raia Tanzania Bara ilikwenda njia hiyohiyo. Kibali cha kazi kikawa cha Kamishna wa Kazi, mbali na kile cha ukaazi; mwajiri akatakiwa athibitishe kuwa amemtafuta Mtanzania akamkosa, na aonyeshe mpango wa kumrithisha mzalendo kazi hiyo. Kupalilia hakuna mpango wa kurithishana. Mwezi wa Julai 2025 likatoka agizo jingine, la kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogondogo kadhaa, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Karagwe na Kyerwa, ambako kahawa huuzwa ingali mtini kwa mtindo wa butura na nyingine huvushwa kwa magendo usiku kwenda Uganda, agizo hilo lilieleweka mara moja.

Pale Murongo Kagera ni mto wa kawaida tu, na msimu wa kahawa ukianza, vilima vya ng'ambo huonekana wazi. Matajiri wa mashamba huhitaji watu kumi, ishirini, kwa siku chache, na vijana wa vijijini wengi wamekwenda Bukoba, Mwanza au Kampala kutafuta kazi zao wenyewe.