Bibi hayumo kwenye kanzidata

Nimepotea kidogo, projekti ya mwaka wa tatu imenikaba koo. Natengeneza kwa Laravel mfumo mdogo wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, huko kwetu Endamarariek. Likizo iliyopita nilimwonyesha bibi. Akanitajia namba yake ya uanachama, nikaitafuta, ukurasa ukaanguka palepale. Programu ilikuwa inaomba jina la mtu ambaye kanzidata imemjibu kwa null, yaani hamna kitu.

"Sasa mjukuu wangu, mimi sipo?"

Nilicheka, ila usiku sikulala vizuri.

Kwa sababu bibi kukosekana kwenye daftari hakuanza na mimi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ni ya mwaka 1920. Kwa Wazungu na Waasia usajili ulikuwa lazima, kwa Mwafrika haukuwa lazima. Bibi alizaliwa enzi hizo, Karatu ikiwa bado sehemu ya Mbulu. Ukimuuliza umri anakwambia siku ya Uhuru, 1961, alikuwa anachunga ndama. Piga hesabu mwenyewe.

Hiyo ndiyo null ya serikali ya mkoloni: mtu hayumo na hakuna anayeshtuka. PHP nayo, tangu Rasmus Lerdorf alipoitoa 1995, ilikuwa na tabia hiyohiyo. Ukisoma kitu kisichokuwepo ilikunong'oneza kidogo na kuendelea na safari. Toleo la 8 la mwaka 2020 ndilo lilipandisha mnong'ono ule kuwa onyo, na Laravel inaligeuza onyo hilo kuwa kosa kamili.

Laravel, ya Taylor Otwell (2011), ina find, inayokurudishia null ujijue mwenyewe, na findOrFail, ambayo rekodi ikikosekana inasimamisha kazi na mtumiaji anaona 404. Hii ya pili Watanzania tumeionja bila kujua PHP. Kuanzia 1 Mei 2019 laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zikaanza kuzimwa. Mnakumbuka zile foleni? Na ukienda kuomba kitambulisho unaulizwa vielelezo, cheti cha kuzaliwa kikiwa kimojawapo. Pengo la miaka mingi nyuma likaja kudaiwa ndani ya miezi tisa.

Kuna na firstOrCreate: hayupo? Mwandike hapohapo. Usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya 2013 ulikuwa na roho hiyo, cheti kinatolewa zahanati au ofisi ya kata, bure. Kwa mtoto safi sana. Kwa hela za akina mama hapana jamani, ukikosea tarakimu moja umeshazaa mwanachama hewa mwenye akaunti.

Mimi nimeweka hivi: namba ikikosekana, mfumo unatafuta kwa jina, ikishindikana unamwambia katibu afungue daftari la mkono. Tulilifungua. Bibi yupo, ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa tatu. Nilimruka mimi nilipokuwa nachapa.

Haya, naenda kubukua. Bumu likitoka napanda basi, nikamwonyeshe jina lake.