Mkono wa Kichina, Mkono Mtupu

Tarehe 25 Oktoba 1936, gazeti la Ryukyu Shimpo liliita wakubwa wa karate kwenye mkutano mjini Naha, kisiwani Okinawa. Walikuwepo Hanashiro Chomo, Kyan Chotoku, Motobu Choki na Miyagi Chojun, watu ambao majina yao bado yanatajwa kwa heshima popote karate inapofundishwa. Hawakuja kupigana. Walikuja kujadiliana jinsi ya kuandika jina.

Ukilitamka, neno karate halikuwa na shida. Shida ilikuwa herufi. Kijapani kina herufi mbili tofauti ambazo zote zinaweza kusomwa "kara". Moja ni ya enzi ya Tang, na watu wa Okinawa waliitumia kumaanisha China. Nyingine inamaanisha utupu. "Te" ni mkono. Kwa hivyo ukiandika kwa herufi ya kwanza unapata mkono wa Kichina, na kwa ya pili unapata mkono mtupu. Mkutano ule uliunga mkono ya pili. Leo Okinawa husherehekea tarehe hiyo kama Siku ya Karate.

Sasa muulize mtu yeyote anayefanya mazoezi kwenye ukumbi wa kijamii mtaani kwenu maana ya karate. Atakujibu bila kusita, "mkono mtupu", na pengine ataongeza ati ni busara ya miaka elfu. Tafsiri yake ni sawa. Ila hiyo miaka elfu ndiyo inafaa tuiangalie vizuri.

Tuanze na jambo moja: Okinawa haikuwa Japani. Kuanzia 1429 hadi 1879 kulikuwa na ufalme wa Ryukyu, wenye mfalme wake, lugha yake na mji wake mkuu, Shuri. Ulikuwa ufalme wa visiwa na uliishi kwa biashara ya bahari. Tangu 1372, hata kabla visiwa havijaunganishwa chini ya mfalme mmoja, watawala wa huko walikuwa wakipeleka zawadi za utii China na kurudi na bidhaa, vitabu na maarifa. Karibu na Naha kulikuwa na kijiji kizima cha familia zenye asili ya Fujian. Vijana wa Ryukyu walivuka bahari kwenda kusoma huko. Mbinu za kupigana zilisafiri kwa meli hizo hizo. Wenyeji walikuwa na mchezo wao walioita "ti", yaani mkono, ukachanganyika na wa Kichina, na mchanganyiko huo ukaitwa "toudi", mkono wa Kichina. Hakuna aliyeona aibu. China ndiyo ilikuwa chuo kikuu cha ujirani mzima.

Kuna stori tamu ambayo wengi tumeisikia: mwaka 1609 wapiganaji wa Satsuma kutoka Japani walivamia Ryukyu, wakapiga marufuku silaha, na wakulima maskini wakajifunza usiku kwa siri kuua samurai kwa mikono. Uvamizi ulitokea kweli. Lakini ukiwafuatilia mabingwa wa zamani wanaojulikana kwa majina, hupati wakulima. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme. Itosu Anko alikuwa karani kwenye ikulu ya Shuri. Hawa walikuwa watu wa tabaka la juu, wasomi wenye kazi za serikali. Tunapenda ile hadithi ya mkulima kwa sababu tunajiona ndani yake, na sinema zimeifanya iwe tamu zaidi. Ukweli ni kwamba hii ilikuwa elimu ya watoto wa wakubwa, na ilifundishwa kwa wachache.

Halafu mwaka 1879 Japani ikaufuta ufalme. Mfalme wa mwisho, Sho Tai, akapelekwa kuishi Tokyo, na Ryukyu ikageuzwa kuwa mkoa wa Okinawa. Wale makarani wa ikulu wakapoteza kazi na cheo kwa mpigo. Kazi ya serikali mpya ilikuwa kuwafanya watu wa visiwa wawe Wajapani, na kazi hiyo ilifanyiwa shuleni.

Hapa msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. Shule za Okinawa zilikuwa na kibao cha mbao kilichoitwa "hogen fuda". Mtoto akinaswa akiongea lugha ya nyumbani, anavishwa kibao shingoni. Anakaa nacho hadi amnase mwenzake, ndipo kinahama. Sisi tulikiita diski, wengine monto, na Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika jinsi watoto wa wakati wake walivyovishwa chao wakiongea Gikuyu. Watawala tofauti, bahari tofauti, lakini kifaa ni kilekile, na kinafanya kazi kwa namna ileile: kinamfanya mtoto awe mpelelezi wa mtoto mwenzake.

Ajabu ni kwamba karate iliingia kwenye shule hizo hizo. Mwaka 1901 Itosu, akiwa mzee wa miaka 70, alianza kuifundisha katika shule ya msingi Shuri. Ili ifundishike kwa watoto wengi kwa wakati mmoja, alitunga kata tano fupi alizoziita Pinan. (Kata hapa si ile ya chifu. Ni mfululizo wa mapigo na mikingo unaofanywa peke yako, kama kupigana na mtu asiyeonekana.) Watoto wakapangwa mistari na kufuata hesabu ya mwalimu. Mwaka 1908 Itosu aliandika barua yenye mambo kumi kuwashawishi wakubwa wa elimu. Moja ya hoja zake ni kwamba mazoezi haya yangesaidia kupata wanajeshi wazuri. Hoja hiyo ilijua serikali inataka nini.

Barua hiyo ina jambo lingine ambalo watu wa falsafa za mabango hawapendi kulisikia. Itosu anaanza kwa kusema wazi kwamba sanaa hii haikutokana na Ubuddha wala mafunzo ya Confucius. Kwake yeye ilikuwa kitu kilicholetwa kutoka China, kizuri kwa mwili, na cha kumkinga mtu akivamiwa. Basi ile habari ya utupu na kutafakari ilitoka wapi?

Mwanafunzi wake mmoja anaitwa Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule aliyezaliwa 1868. Kwa maelezo yake mwenyewe, akiwa kijana alifaulu mtihani wa kuingia chuo cha udaktari Tokyo, lakini hakwenda. Serikali ilikuwa imepiga marufuku ule mtindo wa zamani wa kufunga nywele utosini, na familia yake haikutaka kusikia habari ya kuzikata. Baadaye alipotaka kazi ya ualimu, ilibidi azikate, na nyumbani kukawa na kilio. Weka picha hiyo akilini. Huyu ni mtu aliyejua mapema kwamba ukitaka kuingia mlango fulani, kuna kitu utaacha nje.

Mwaka 1922 Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate kwenye maonyesho ya Wizara ya Elimu. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882, akamwalika Kodokan. Kutoka kwa Kano karate ilichukua vitu tunavyovidhania ni vya kale: sare nyeupe, madaraja, mkanda mweusi. Funakoshi alitoa mikanda yake ya kwanza myeusi mwaka 1924. Kabla ya hapo, mtu wa Okinawa alifanya mazoezi na nguo zake za kawaida, mara nyingi akiwa kifua wazi, na cheo chake kilijulikana kwa jinsi alivyosimama. Funakoshi alibaki Tokyo akilala kwenye bweni la wanafunzi wa Okinawa, ambako alifagia na kutunza bustani mchana, na kufundisha jioni.

Wateja wake walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Japani, na nchi ilikuwa inabadilika. Mwaka 1931 Japani iliivamia Manchuria. Mwaka 1933 Dai Nippon Butokukai, chama kikubwa cha sanaa za kivita, kikaitambua karate kama mojawapo ya sanaa za Kijapani. Ungeweza vipi kuita sanaa ya Kijapani "mkono wa Kichina" wakati nchi nzima inafundishwa kuidharau China? Hanashiro alikuwa amewahi kutumia herufi ya utupu mwaka 1905, kwa hivyo njia ilikuwepo. Funakoshi akaifuata, na katika kitabu chake cha 1935 akaieleza kifalsafa: mkono usio na silaha, moyo usio na ubinafsi, mwili ulio wazi kama mwanzi. Akabadilisha na majina ya kata. Pinan ikawa Heian, Kushanku ikawa Kanku, Naihanchi ikawa Tekki. Mkutano wa Naha ukafuata. Miezi isiyofika tisa baadaye, Japani na China zilikuwa vitani kabisa.

Je, hiyo inafanya falsafa ya mkono mtupu kuwa uongo? Sidhani. Funakoshi aliishi kwa alichofundisha. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba karate haianzi kushambulia, na watu wengi wamepata amani ya kweli ndani ya mafunzo hayo, hata hapa kwetu. Wazo linaweza kuzaliwa kwa sababu za kisiasa na bado likamsaidia mtu kumaliza hasira zake saa kumi na mbili asubuhi. Ila tusilidanganye kuhusu umri wake. Na tusisahau kwamba neno lililofutwa lilikuwa shukrani kwa mwalimu.

Wengine waliopewa Ujapani huo kwa nguvu waliulipia vibaya. Vita vilipofika Okinawa mwaka 1945, jeshi la Japani lilitangaza kwamba atakayeongea Kiokinawa atachukuliwa kama jasusi. Zaidi ya watu 200,000 walikufa katika mapigano hayo, wakiwemo karibu robo ya wakazi wa kisiwa. Ikulu ya Shuri, ambayo jeshi lilikuwa limechimba makao yake chini yake, iliteketea. Baadaye Wamarekani walikitawala kisiwa hadi 1972, na askari wao waliojifunza karate kwenye kambi wakaibeba hadi kwao. Kutoka huko, na kutoka vyuo vya Japani, ikazunguka dunia.

Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Kiyuna Ryo wa Okinawa alishinda dhahabu ya kata, akapanda jukwaani na picha ya marehemu mama yake. Alivaa rangi za Japani. Olimpiki iliyofuata, karate haikuwepo tena. Lugha za Ryukyu nazo ziko kwenye orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Kibao cha mbao kilifanya kazi yake: karate ilipona kwa kukubali jina jipya, na lugha iliyokataa kuwa Kijapani ikabaki na wazee.

Lakini si kila kitu kilibadilishwa. Miyagi Chojun, ambaye mwalimu wake Higaonna Kanryo alijifunza Fuzhou, aliziacha kata zake na majina ya zamani, na mtindo wake wa Goju-ryu umeyashika hadi leo. Seisan ni kumi na tatu, Sanseru ni thelathini na sita, Suparinpei ni mia moja na nane. Ni namba za Kichina, zikitamkwa kwa lafudhi ya Okinawa. Ukipita nje ya ukumbi wa Goju-ryu, uwe Naha au Nairobi, mwanafunzi hutaja jina la kata kwa sauti kabla ya kuanza. Sikiliza vizuri hapo.