Kumbukumbu na Hifadhi: Istilahi Mbili Ndani ya Kompyuta ya Nyumbani

Kumbukumbu ni sehemu ya kompyuta inayoshika data na maagizo ya programu zinazoendeshwa kwa wakati huo. Hifadhi ni sehemu inayoweka mafaili, picha na programu zenyewe hata mashine ikizimwa. Zote mbili hupimwa kwa gigabaiti, na katika mazungumzo ya kila siku zote mbili huitwa memori. Mkanganyiko huo una gharama. Mteja anayeingia katika duka la kompyuta za mtumba huko Wandegeya, katika tarafa ya Kawempe jijini Kampala, akaomba mashine yenye memori kubwa, aweza kutoka na kompyuta mpakato yenye hifadhi ya gigabaiti 500 na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Muuzaji hakumdanganya, ila mashine itasuasua tangu siku ya kwanza.

Maana ya istilahi

Kumbukumbu inayotajwa hapa ndiyo ile ambayo mafundi huiita RAM. Aina yake inayotumika zaidi ilibuniwa mwaka 1966 na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani. Kila biti huwekwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na transista moja hufungua na kufunga njia ya kuifikia. Chaji hiyo huvuja upesi, kwa hiyo lazima ijazwe upya mara nyingi katika kila sekunde. Kwa kawaida mzunguko mmoja huchukua milisekunde 64. Umeme ukikatika, ujazaji husimama na kila kilichokuwamo hupotea.

Herufi za RAM (random access memory) hazielezi sifa hiyo ya kutodumu. Zinaeleza kwamba sehemu yoyote ya kumbukumbu hufikiwa moja kwa moja bila kupitia zilizotangulia, tofauti na utepe wa sumaku ambao sharti uzungushwe hadi mahali panapotakiwa. Jina lilikuwa na maana kwa wahandisi waliokuwa wakilinganisha vifaa hivyo viwili, lakini kwa mtumiaji wa nyumbani halisemi analohitaji kujua. Tafsiri ya neno kwa neno, kama kumbukumbu fikivu, hurithi upungufu huohuo. Kumbukumbu kuu, istilahi nyingine inayotumika, huweza kumfanya msomaji adhani ndiyo kubwa kuliko zote, ilhali kwa kawaida ni ndogo mara nyingi kuliko hifadhi. Kumbukumbu ya muda ndiyo inayofaa zaidi kwa mtumiaji wa kawaida, kwa sababu inataja sifa inayomgusa, yaani kutodumu.

Hifadhi ina historia yake. Diski ya kwanza kuuzwa kibiashara, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na iliweka herufi zipatazo milioni 5, nafasi pungufu ya inayochukuliwa na picha chache za simu za leo. Diski za sumaku za sasa bado hufanya kazi kwa kanuni ileile: sahani huzunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa umbali mdogo mno kikisoma na kuandika. Aina ya pili, SSD, haina kitu kinachozunguka. Hutumia chipu za mweko (flash), teknolojia iliyotokana na kazi ya Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba ya Japani miaka ya 1980. Ndani yake chaji hufungiwa mahali isipoweza kuvuja kwa urahisi, kwa hiyo data hubaki bila umeme. Diski ya sumaku husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida hufika 500, na zile za kisasa hupita hapo mara kadhaa.

Katika Kiswahili cha kawaida neno kumbukumbu halina maana ya kitu kipitacho. Kumbukumbu za kikao huandikwa ili zidumu, na Kumbukumbu la Torati ni kitabu kizima cha Biblia. Ndiyo maana neno hilo, likisimama peke yake katika taaluma ya kompyuta, hupotosha, na kivumishi “ya muda” hufaa kuongezwa panapoweza kutokea mkanganyiko. Hifadhi halihitaji msaada huo. Ni neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kulinda: mbuga ya wanyama huitwa hifadhi, na mwanafunzi wa madrasa aliyeiweka Kurani moyoni husemwa ameihifadhi. Zaidi ya hayo, jina na kitenzi ni neno moja. Kuhifadhi faili ni kuandika nakala yake kutoka kwenye kumbukumbu ya muda hadi kwenye hifadhi, na programu zenye sura ya Kiswahili huandika amri hiyo kwa neno hilihili. Kazi ya kuzipa programu sura ya Kiswahili imefanywa kwa miongo miwili sasa. Jambo OpenOffice, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2004.

Kwa wakazi wa Kawempe istilahi hizi zimeanza kuwa na matumizi ya karibu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Mwanafunzi anayeongea Kiganda nyumbani na kusoma kompyuta kwa Kiingereza sasa hukutana na vifaa vilevile kwa jina la tatu.

Katika kununua

Kwa kuandika barua, kusoma barua pepe, kufungua kurasa za mtandao na kutazama video, kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha. Gigabaiti 4 ni kiwango cha chini cha kuvumilika, na anayehariri video au michoro mikubwa ahitaji 16. Hifadhi ya SSD ya gigabaiti 256 huwatosha wengi, na mashine yenye SSD ndogo huwa bora kwa kazi za nyumbani kuliko yenye diski ya sumaku kubwa mara mbili yake. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, busara ni kupunguza ukubwa wa hifadhi kwanza, maana diski ya nje huweza kuongezwa wakati wowote.

Kumbukumbu haiongezwi kirahisi hivyo. Katika kompyuta nyingi za mezani na mpakato za zamani huchomekwa kwenye nafasi maalumu, na fundi huibadili kwa dakika chache. Katika mpakato nyembamba za kisasa mara nyingi huwa imelehemiwa kwenye ubao mama, na kiasi alichonunua mtu ndicho atakachobaki nacho. Hata panapokuwa na nafasi, vizazi haviingiliani: DDR3 haikai kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5. Muuzaji aulizwe mambo matatu kabla ya bei: kumbukumbu ni kiasi gani, ni ya kizazi gani, na je, yaweza kuongezwa?

Majibu hayo huthibitishwa kwa kuiwasha mashine palepale dukani. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha kiasi cha kumbukumbu na aina ya hifadhi. Hifadhi iliyotangazwa kuwa ya gigabaiti 500 itaonekana kama 465 hivi. Huo si wizi: mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, wakati Windows hugawa kwa 1,024 mara tatu. Mfumo ukionyeshwa kuwa wa biti 32 huo ni upungufu, kwa kuwa Windows ya namna hiyo haitumii zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata zikiwekwa 8.

Umri wa mashine nao una uzito. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64, pamoja na chipu ya usalama na kichakataji kinachokubalika, ambavyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazina. Mashine ya namna hiyo bado yaweza kufaa ikiwekewa mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, unaoridhika na gigabaiti 4 na usiouzwa kwa fedha.

Katika kutunza

Tofauti ya istilahi mbili hizi hujidhihirisha umeme unapokatika. Uganda hutumia umeme wa volti 240, na nyumba nyingi za Kampala hulipia kabla kwa mita za Yaka. Yuniti zikiisha, nyumba huzimika ghafla sawa na katika hitilafu ya laini. Kompyuta ya mezani hupoteza papo hapo kila kisichohifadhiwa. Mpakato huokolewa na betri yake, ilimradi betri ingali hai. Kifaa cha UPS huipa ya mezani dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, tena hukinga dhidi ya mruko wa umeme unaporudi. Kuzimika katikati ya uandishi huweza pia kuharibu mafaili yaliyomo kwenye hifadhi, si yale ya kwenye kumbukumbu pekee.

Ipo pia tofauti kati ya kuilaza mashine na kuizima huku kazi ikihifadhiwa. Ikilazwa, kumbukumbu ya muda huendelea kulishwa umeme kidogo, na betri ikiisha kazi hupotea. Njia ya pili huandika kila kilichomo kwenye kumbukumbu katika hifadhi kabla ya kuzima, kwa hiyo hata umeme ukikosekana siku nzima kazi hurudi ilivyoachwa. Kwa mtaa wenye umeme usiotabirika, njia hii ni salama zaidi.

Mashine inapokuwa nzito, chanzo hutafutwa katika dirisha lililotajwa la Ctrl, Shift na Esc. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huazima sehemu ya hifadhi na kuitumia kama kumbukumbu ya ziada. Kwa kuwa hifadhi ni ya polepole zaidi, kila kitu huzorota. Dawa ni kufunga programu na kurasa zisizotumika au kuongeza kumbukumbu. Kumbukumbu ikiwa na nafasi huku diski ya sumaku ikifanya kazi kwa asilimia 100 muda wote, dawa ni kuweka SSD. Kufuta picha na video hakuongezi kumbukumbu ya muda hata kidogo, ingawa kuiacha sehemu ya tano ya hifadhi wazi husaidia mfumo kupumua.

Vumbi la barabara za Kampala kama ile ya Bombo huingia kwa feni, huziba njia za hewa na kupandisha joto, kwa hiyo mashine isafishwe kila baada ya miezi michache. Diski ya sumaku haipendi kutikiswa ikiwa inazunguka. Mlio wa kugonga kutoka ndani yake ni ishara ya kunakili data siku hiyohiyo. Katika mabonde ya jiji hilo kama Bwaise, ambako mvua kubwa huleta mafuriko, kompyuta ya mezani isiwekwe sakafuni.

Hifadhi moja haitoshi. Faili muhimu liwe na nakala rudufu kwenye diski ya nje inayotunzwa mbali na mashine, ili mwizi au maji visichukue zote. Hifadhi ya wingu huongeza usalama, lakini hutumia vifurushi vya intaneti, na tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Wengi hupakia huko nyaraka muhimu tu. Anayebeba nakala kwa flashi ajue kwamba hupitisha virusi kutoka mashine hadi mashine, kwa hiyo ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa.

Katika kuuza na kutupa

Kompyuta ikizimwa, kumbukumbu ya muda hujisafisha yenyewe. Hifadhi haifanyi hivyo. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huondolewa kwenye orodha tu, na yaliyomo huweza kufufuliwa mpaka data nyingine iandikwe juu yake. Mwenye kuuza mashine aifute hifadhi yote kwa programu ya kazi hiyo, au aichomoe na kubaki nayo. Duka, shule au ofisi inayotunza taarifa za watu ina wajibu zaidi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019. Mashine isiyotengenezeka haifai kutupwa jalalani wala kuchomwa, kwa kuwa ina risasi na metali nyingine zenye sumu. Uganda ilitoa sera ya taka za kielektroniki mwaka 2012. Kabla mashine haijapelekwa kwa wakusanyaji wa taka hizo, vipande vyake vya kumbukumbu huweza kuchomolewa na kutumika katika mashine nyingine ya kizazi hichohicho.