Muumini Ndani ya Gwanda: Dini na Uamuzi wa Kujiunga na Polisi

Injili ya Luka, katika sura ya 3, inasimulia kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Yohana aliiruka hoja ya kuingia kazini, akaenda moja kwa moja kwenye hoja ya namna kazi inavyofanywa.

Waliokuja baadaye walirudi mlangoni. Tertullian wa Carthage, akiandika karibu mwaka 211, alishikilia kwamba kiapo cha jeshi hakipatani na kiapo cha ubatizo. Mapokeo ya Kiislamu nayo humsifu Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, kwa kuukataa ukadhi aliotakiwa kuushika na Khalifa al-Mansur. Hata hivyo Uislamu huohuo ulimlea muhtasibu, mkaguzi wa soko aliyepima mizani na kuwakemea wenye kupunja, na kazi yake ikahesabiwa sehemu ya kuamrisha mema na kukataza maovu. Anayedai leo kwamba dini yake inaharamisha upolisi, au inautukuza, amechagua ukurasa mmoja wa kitabu kinene.

Isitoshe, mlango mara nyingi hufungwa na mambo yasiyo ya itikadi. Kanada ilihitaji kufika mwaka 1990 ndipo polisi wake wa shirikisho waruhusiwe kuvaa kilemba cha Kisikh. Huko Ireland Kaskazini, Tume ya Patten ilipotoa ripoti yake kuhusu polisi mwaka 1999, Wakatoliki walikuwa takriban asilimia 8 tu ya jeshi la polisi, ilhali katika jamii walizidi asilimia 40. Katekisimu haikuwakataza. Waliogopa kuuawa, waliogopa kutengwa na majirani, na waliliona jeshi lile kuwa mali ya upande wa pili. Ajira ya nusu kwa nusu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, ilianza mwaka 2001, na ilipositishwa mwaka 2011 Wakatoliki walikuwa wamekaribia asilimia 30. Takwimu hizo zinatuonya tusiharakishe kuandika neno “imani” pale ambapo historia ya ujirani inatosha kueleza.

Imani yenyewe hubanwa baada ya kiapo, zamu zinapopangwa. Chukua mgogoro wa Indiana, Marekani, ulioamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2003. Askari mmoja Mbaptisti alipangiwa kazi ya kudumu katika kasino ya Michigan City. Miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kuthibitisha mapato ya kamari. Alikuwa tayari kukamata wahalifu ndani ya kasino, lakini kuhakiki mapato yake aliona ni kuisaidia dhambi iendelee. Akakataa, akafukuzwa, akashtaki, akashindwa. Mahakama ilihoji: Mbaptisti akikwepa kamari na pombe, Mkatoliki akikwepa utoaji mimba, Myahudi na Mwislamu wakikwepa nguruwe, nani atabaki kulinda raia wote?

Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali nusu. Raia anayepiga simu usiku hapaswi kujiuliza kama askari wa zamu ni wa dhehebu linalomhurumia. Lakini mahakama ilifunga mambo mawili katika furushi moja. Kumlinda mtu asidhurike, hata akiwa mlevi mlangoni pa baa, ni kiini cha upolisi. Anayeshindwa hilo atafute riziki kwingine. Kuhakiki mahesabu ya mchezo wa kamari ni kazi ya ofisi iliyobandikwa juu ya upolisi, na mwingine anaweza kuifanya bila raia yeyote kukosa ulinzi. Chicago walikuwa na busara zaidi: askari Mkatoliki aliyesita kulinda kliniki ya utoaji mimba aliweza kuomba uhamisho kwenda wilaya isiyo na kliniki hizo bila kupoteza mshahara, na mwaka 1998 mahakama ileile ikaona hilo latosha.

Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake (ibara ya 32), na ibara ya 246 inataka polisi waakisi maeneo na makabila ya nchi. Dini haikutajwa katika kipimo hicho cha pili, na nadhani ni vizuri. Mgawo wa viti kwa misikiti na makanisa ungegeuza kila kituo kuwa uwanja wa kuhesabiana. Lililo muhimu zaidi limejificha katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011: amri ya mkubwa haiwi kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Hapo sheria na Yohana wanakutana. Muumini anayesita kulinda nyumba ya kamari huku akipokea kitu kidogo barabarani, au akigeuza uso mahabusu anapopigwa, ameipeleka dhamiri yake mahali rahisi.

Ningependa kijana aliyepimwa urefu na kukimbizwa uwanjani siku ya usaili aonyeshwe pia, kabla ya kiapo, orodha ya malindo yanayomsubiri: Jumamosi kwa Msabato, adhuhuri ya Ijumaa kwa Mwislamu, baa, nyumba za kubeti, maandamano. Atachagua akijua. Orodha hiyo nayo ina kasoro yake. Indiana ilihalalisha kasino za mitoni mwaka 1993. Askari aliyekula kiapo kabla ya hapo asingeweza kuzikuta katika orodha yoyote. Sheria ikishambadilishia kazi hivyo baada ya kuapa, serikali ndiyo iliyosogeza mpaka, na uhamisho wa aina ya Chicago ni deni lake kwa askari huyo.