Ufunguo wa Kurejesha wa BitLocker

Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker ni namba ya tarakimu 48 inayofungua sehemu ya diski iliyofungwa na BitLocker, mfumo wa usimbaji fiche ulioanza na Windows Vista. Tarakimu hizo hupangwa katika mafungu 8 ya tarakimu 6, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila baki, hivyo kompyuta hunasa makosa mengi ya uandishi papo hapo.

Kwa kawaida mtumiaji haombwi namba hiyo. Chipu ya TPM hukagua hatua za kuwaka kwa kompyuta na, ikiridhika, huachilia ufunguo kimyakimya. Fundi akibadilisha bodi mama, chipu haina tena cha kuachilia; skrini ya buluu hudai tarakimu zote.

Wengi hukuta diski imefungwa ilhali hawakuifunga wao. Kompyuta nyingi mpya hujifunga zenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na bahati nzuri nakala ya ufunguo hubaki katika akaunti hiyo hiyo. Kwa kompyuta ya kazini, wa kuulizwa ni idara ya TEHAMA.

Julai 19, 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5. Palipokuwa na BitLocker, mafundi wengi walilazimika kuandika tarakimu 48 kwa mkono, mashine baada ya mashine.

Ufunguo ukipotea kabisa, diski hufomatiwa na kutumika tena. Data iliyokuwamo hairudi, hata anayeuza programu ya kuifungua aape vipi.