Mkate wa Kuifukuza Njaa

Tuliozoea huku ughaibuni kuuona mwaka mpya ukiingia kwa fataki, huenda tusijue kwamba Waayalandi wa zamani waliupokea kwa mkate. Usiku wa tarehe 31 Desemba waliuita Oíche na Coda Móire, yaani usiku wa fungu kubwa. Kila nyumba ilijitahidi kula mpaka kushiba, kwa imani kwamba atakayelala na njaa usiku ule ataandamwa nayo mwaka mzima. Kisha mkate mkubwa ulipigwa kwenye mlango na kuta, na njaa ikaamriwa itoke, iende nchi za mbali.

Yalikuwapo na mengine. Upepo ukivuma kutoka magharibi, neema ya mwaka ni yao. Ukitoka mashariki, neema ni ya Waingereza waliowatawala. Mgeni wa kwanza alitakiwa awe mwanamume mwenye nywele nyeusi. Wengine waliwatengea marehemu wao nafasi mezani, na mlango wasiufunge kwa komeo.

Tusiyacheke haya. Mwaka 1845 ugonjwa uliangamiza viazi, chakula kikuu cha maskini. Hadi 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine kama hao wamehama, wengi wakienda Marekani na Uingereza. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa kizima. Hata leo idadi hiyo haijafikiwa tena. Aliyepiga mkate mlangoni baada ya hapo alimjua vizuri anayemfukuza.

Mengi ya haya yamehifadhiwa na watoto. Tume ya kukusanya mila za Ayalandi iliundwa 1935, na kati ya 1937 na 1939 wanafunzi wa shule za msingi walitumwa wakawaulize wazee nyumbani na kwa majirani, waandike kwenye madaftari. Madaftari hayo yamo chuo kikuu huko Dublin mpaka sasa.

Nasi tunayo Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kwa kupigana kwa magogo ya migomba na kuchoma kibanda. Watoto wetu waliozaliwa huku wakituuliza maana yake, wengi wetu tutaishia kwenye migomba. Wanaojua zaidi wako nyumbani, na umri umewaenda. Tuwapigie simu, watoto wakae karibu na daftari.