Kidaka, Kitale, Dafu: Hoja Kuhusu Kitabu cha Kwanza cha Sayansi kwa Mtoto

Utangulizi

Makala hii imetokana na ukurasa mmoja ulionishinda. Nilikabidhiwa kitabu cha picha kuhusu mimea, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto wadogo, nikitafsiri kwa Kiswahili. Ukurasa mmoja ulionyesha mnazi wenye matunda ya marika mawili. Nikaandika "nazi changa" kwa yale ya juu na "nazi zilizokomaa" kwa yale ya chini. Kabla ya kuwasilisha mswada nilimsomea mjukuu wangu wa miaka 6, aliyelelewa Pangani. Akaweka kidole juu ya picha.

"Bibi, hii si nazi, dafu hili. Koroma liko wapi?"

Sentensi yangu haikuwa na kosa la kisarufi wala la kibiolojia. Hata hivyo, mtoto wa darasa la kwanza alijua zaidi ya kitabu kilichokusudiwa kumfundisha. Tukio hilo halithibitishi nadharia, lakini limenilazimisha kuipitia upya imani niliyokuwa nayo kwa miaka mingi. Ninachodai hapa ni kwamba udhaifu wa vitabu vya sayansi na maumbile vya watoto wetu wadogo hautokani na uhaba wa istilahi. Unatokana na mazoea ya kuanzia katika lugha nyingine, na hivyo kuuacha nje uchunguzi ambao wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuufanya na kuuhifadhi katika majina.

Tunapokubaliana na tunapotofautiana

Kwamba mtoto mdogo anaweza kupokea maandishi ya maarifa, hilo halina ubishi tena. Christine Pappas (1993) alionyesha kuwa watoto wa chekechea nchini Marekani waliweza kuigiza usomaji wa vitabu vya maarifa sawa na walivyoigiza wa hadithi. Nell Duke (2000), katika vyumba 20 vya darasa la kwanza huko Massachusetts, alikuta maandishi ya aina hiyo yakipewa wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Patricia Ganea na wenzake (2014) walibaini kwamba watoto waliosomewa kuhusu wanyama kwa lugha ya kuwapa hulka za kibinadamu walielekea zaidi kuamini kuwa wanyama halisi nao wana hulka hizo. Matokeo hayo yanatuhusu sana sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi. Ngano ni hazina, lakini tusiziachie kazi ya kumweleza mtoto fisi ni mnyama wa namna gani.

Ugomvi uko kwingine, katika dai kwamba istilahi zitangulie, vitabu vifuate. Dai hili lina historia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu nchini Tanzania, chini ya Jackson Makwetta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo halikutekelezwa, na upungufu wa istilahi umekuwa jibu la karibu kila mjadala huo unapofufuka. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia; dai halikunyamaza. Kwa masomo ya juu tunaweza kuendelea kulijadili. Kwa mtoto wa miaka 5 halina mashiko. Mtoto wa umri huo hana haja ya kuanza na neno "usanisinuru". Ana haja ya kuona kitu kikibadilika, kukitaja kila kinapobadilika, na kuuliza kwa nini.

Ushahidi wa mnazi

Tuutazame mnazi kwa karibu. Karara hupasuka, upunga ukachomoza. Ua la kike likishachavushwa hufunga kidaka. Kidaka kikikua huwa kitale. Kitale huwa dafu. Dafu huwa koroma. Koroma huwa nazi. Safari hiyo huchukua karibu mwaka mzima. Nazi ikikaukia ndani ya kifuu huwa mbata, na ikianza kuota, ndani yake hujaa joya.

Mtu anaweza kudhani kuwa haya ni majina ya ukubwa. Sivyo. Kuanzia dafu hadi nazi, tofauti ya ukubwa haisemi mengi. Kinachotajwa ni hali ya ndani, ambayo jicho haliioni. Dafu limejaa maji hata ukilitikisa halitoi sauti, na nyama yake ni laini ya kukomba. Koroma nyama imeanza kukaza, maji yamepungua utamu, na ukilikuna hulipati tui la kuridhisha. Nazi ukiitikisa unasikia maji yakicheza, kwa kuwa yamepungua na hewa imechukua nafasi yake. Mama anayechagua nazi sokoni anafanya jaribio kamili: anatikisa, anasikiliza, anaamua, na akifika nyumbani akaivunja anajua kama alipatia.

Biolojia inaeleza jambo hilo hilo kwa njia yake. Maji ya dafu na nyama ya nazi ni akiba moja ya chakula, iitwayo endospamu. Huanza ikiwa kimiminika, kisha seli hujengeka kutoka ukutani kuelekea katikati. Joya nalo ni sehemu ya kiinitete inayotanuka ndani ya nazi na kuifyonza akiba hiyo, ili kulisha chipukizi ambalo halijaweza kujilisha.

Basi, kitabu cha mtoto kingeweza kusema: Tikisa dafu. Kimya. Tikisa nazi. Unasikia nini? Hapo hakuna istilahi hata moja, na sayansi ipo yote: kutabiri, kujaribu, kulinganisha. "Nazi changa" yangu ilikuwa imeyafuta hayo yote na kubakiza umri peke yake.

Mapingamizi

Patakuwa na atakayesema kuwa mtoto wa Dodoma hajui kitale. Ni kweli. Lakini anawajua kumbikumbi, na wazee wake wanajua tofauti ya tunutu asiyeruka na nzige aliyekomaa. Sisemi kila kitabu kiwe cha mnazi. Nasema kila kitabu kianzie mahali ambapo lugha ya msomaji wake imekwisha kutazama.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba majina ya mazoea hupotosha. Wengi humhesabu nyangumi kuwa samaki na popo kuwa ndege. Mchwa na kumbikumbi wana majina mawili ilhali wanatoka kichuguu kimoja. Nalikubali, na hapo ndipo ninapoiona kazi ya mwandishi. Mtoto akiuliza kwa nini kumbikumbi wanatoka katika nyumba ya mchwa, somo limeanza: kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa, walio tayari kuzaliana. Huruka mvua inaponyesha, huangusha mabawa, na jozi inayonusurika huanzisha kichuguu kipya, wakiwa mfalme na malkia. Bila majina hayo mawili, swali lenyewe lisingezuka.

Gharama je? Tafsiri huja na michoro iliyokamilika, na mchapishaji hawezi kulipuuza hilo. Ila tangu mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umeonyesha kwamba waandishi na wachoraji wa hapa wanaweza kuandaliwa. Ujuzi huo tunao. Tuuelekeze pia kwenye maumbile.

Hitimisho

Nathubutu kusema kuwa kitabu cha kwanza cha sayansi cha mtoto anayezungumza Kiswahili kisiwe tafsiri. Nasisitiza "cha kwanza". Kuhusu sayari ya Zohali au barafu ya ncha za dunia, tafsiri nzuri itatufaa sana, na huenda yapo maeneo mengine ambayo hoja yangu haiyafikii. Lakini mlango wa kuingilia usiwe wa kuazima.

Niliurudia ukurasa ule nikafuta "nazi changa", nikaandika "madafu". Haikutosha. Mjukuu wangu alikuwa ameuliza koroma liko wapi, na koroma halikuwamo: mchoraji hakulichora, kwa sababu lugha aliyochorea haikumdai alichore.